Sura ya Saba: Paa Kwanza

Katika kata ya Runazi, wilayani Biharamulo, banda la bati halichukui muda kusimama. Fundi anachomelea fremu ya bomba za mraba, anafunga bati kwa skrubu, anapachika mlango wa chuma, na kabla wiki haijaisha mwenye banda keshaingiza msumeno, randa na mashine ya kutobolea, anajiona amepata karakana. Bado. Saa saba mchana humo hamkaliki. Saa kumi na mbili asubuhi chuma kimelowa kwa ndani, na matone yanadondokea mbao aliyoiacha mezani jana yake.

Mfano wa sura hii ni banda la mita nne kwa sita, ukuta wenye kimo cha karibu mita mbili na nusu. Linamtosha mtu anayefanya useremala nyuma ya nyumba yake na kuchomelea kidogo pale jirani anapoleta jembe la kukokotwa au keria ya pikipiki. Banda likiwa kubwa zaidi, hesabu zitapanda, lakini mpangilio wa kazi hautabadilika.

Mpangilio huo nimeugeuza makusudi. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Huko anayejenga karakana anapigana na baridi, kwa hiyo anaanza na kuta, anazijaza sufi ya kioo, kisha anaziba kila tundu ili joto lisitoke. Runazi hakuna joto la kulinda. Kuna jua na kuna umande, na vyote viwili vinaingilia juu. Anayefuata vitabu hivyo atamaliza fedha kwenye kuta, na paa litabaki bati tupu.

Jua lenyewe tulitazame kwanza. Runazi iko kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita hupita utosini, na mwaka mzima haliinami mbali na hapo zaidi ya nyuzi 26. Paa ndilo linalolibeba kutwa. Ukuta wa kaskazini na wa kusini huguswa kwa upande tu. Wa mashariki na wa magharibi unachomwa kwa saa chache asubuhi na jioni, na dawa yake inajulikana Kagera nzima: safu ya migomba. Ipande mita mbili au tatu kutoka ukutani, majani yake yasihifadhi unyevu kwenye bati wala kuwapa mchwa njia ya kupandia.

Wajerumani waliojenga boma la Biharamulo walitumia kuta nene, na joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya ukuta wa namna hiyo. Bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi. Wingu likiondoka tu, aliye chini yake anajua.

Usiku mambo hugeuka. Anga likiwa wazi, bati hutoa joto lake lote kuelekea juu na kupoa kuliko hewa inayolizunguka. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji ikigusa kitu cha nyuzi 18, na bati hufika hapo upesi. Ingia bandani alfajiri na tochi uangalie juu. Ukungu mweupe umetanda kwenye bati, na kila penye mteremko vitone vinaungana, vinateleza hadi kwenye papi, vinasimama kidogo ukingoni, kisha vinaanguka. Vikianguka kwenye mbao vinaacha doa. Vikianguka kwenye ulimi wa randa, kufikia jioni kuna kutu. Waliokuwa Ngara mwaka 1994 wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikajaa maturubai ya plastiki: chini yake mchana ni tanuri, usiku ni matone.

Bati nene haliondoi shida hizi. Geji 28, yenye milimita 0.4 hivi, inavumilia zaidi mvua ya mawe, upepo na mkono wa mwizi, na nakushauri uinunue ukiweza. Lakini kwa joto na umande, geji 28 na geji 30 ni mamoja. Rangi ndiyo inayosaidia kidogo: bati jeupe au la kijivu kinachong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua, la maruni au kijani kibichi hulimeza. Watu wanapenda maruni kwa sababu inaficha vumbi la barabarani. Kwa nyumba ya kuishi yenye dari, sina ugomvi nao. Kwa karakana ni kujitafutia jasho.

Kabla ya kuvika

Usifunike kasoro. Maji yakipenya baada ya dari kufungwa, utayaona pale yanapotokea, na huenda yaliingilia mita tatu kutoka hapo.

Panda juu ukague skrubu moja moja. Skrubu ya paa hufungwa juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni maji yanakopita, na raba yake iwe imekaa bila kubonyezwa hadi ikachanika. Chuma hutanuka kikipata moto: bati la mita tatu likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi joto la mchana, tofauti ya nyuzi 40, linarefuka kwa karibu milimita moja na nusu. Ndiyo ile milio ya tak-tak inayosikika asubuhi jua likianza kupiga. Milimita hiyo ikienda na kurudi kila siku, msumari wa kawaida hulegea. Kama banda lako lilifungwa kwa misumari kwenye papi za mbao, huu ndio wakati wa kuing'oa na kuweka skrubu zenye raba.

Kila mahali fremu ilipochomelewa, zinki imeungua na chuma kimebaki wazi. Piga brashi ya waya, paka redoksaidi, kisha rangi. Zinki ndiyo inayolipa bati uhai wake. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, lakini lilikuwa likiliwa na kutu mpaka Mfaransa Stanislas Sorel alipopata mwaka 1837 njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Hapa kwetu viwanda vya bati ni vya juzi tu, ALAF ya Dar es Salaam ikiwa ya mwaka 1960. Chuma chenyewe, hata hivyo, si kigeni katika pande hizi: Warongo wa Uzinza waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivuo, na majembe yao yaliuzwa mbali, zamani sana kabla ya bati la kwanza kufika.

Sakafu nayo itangulie. Ukishaweka mbao ukutani hutaweza tena kumwaga zege bila kuzichafua. Toa udongo wa juu, shindilia moramu, tandaza nailoni nzito, halafu mwaga zege la sentimita kumi, moja kwa mbili kwa nne. Banda la mita nne kwa sita linahitaji mita za ujazo 2.4, ambazo ni mifuko 15 au 16 ya saruji. Nailoni watu huiruka ili kuokoa fedha, na hapo wanakosea, kwa maana unyevu wa ardhini utapanda ndani ya zege na kujiunga na ule wa hewani. Sakafu iwe juu ya uwanja kwa sentimita 15 angalau, maana mvua ya masika Biharamulo haipigi hodi. Mwagilia zege siku saba. Nguzo za fremu zifungwe kwa bolti zilizozikwa kwenye zege la msingi, kwa kuwa banda jepesi lenye mlango mpana likimeza upepo wa mvua linaweza kuinuliwa na nguzo zake.

Paa

Hapa ndipo fedha iende.

Kazi ya kwanza ni kuliweka bati mbali na hewa ya karakana. Njia ninayoiamini kwa mazingira haya ni foili ya kuezekea, ile ya kung'aa yenye nyuzi katikati isichanike, ikining'inizwa chini ya papi na kuacha nafasi ya sentimita tano au zaidi kati yake na bati. Nafasi hiyo ina kazi. Foili haizuii joto kwa unene wake, kwani haina unene. Inazuia kwa kung'aa, na mng'ao haufanyi kazi pasipo hewa mbele yake. Ukiigandisha kwenye bati umenunua pambo. Foili yenye uso mmoja unaong'aa, uso huo utazame chini, kwa sababu uso unaotazama juu hupata vumbi na baada ya msimu mmoja wa kiangazi haung'ai tena.

Umande utaendelea kutokea chini ya bati, hilo hulizuii. Unachofanya ni kuuonyesha njia. Matone yaangukie foili, yateleze kufuata mteremko, yatokee nje ya ukuta chini ya ukingo wa paa. Kwa hiyo anza kutandika kutoka chini kwenda juu, kipande cha juu kikipanda juu ya cha chini kwa sentimita 15, kama unavyoezeka bati, na mwisho wa foili upite ukuta. Nimeona mabanda ambayo foili imekunjwa na kupigiliwa kwa ndani ili ipendeze. Maji yote ya usiku yanarudi ukutani.

Hewa nayo ipewe mlango. Acha upenyo wa vidole viwili chini ya ukingo wa paa pande zote mbili, na mwingine juu kwenye kofia. Hewa ya moto iliyo kati ya bati na foili itapanda na kutoka yenyewe, ikivuta nyingine kutoka chini, bila feni wala umeme. Kila upenyo uzibwe kwa wavu mwembamba wa chuma, wavu wa mbu wa nailoni ni chakula cha panya. Sababu ya wavu nitaieleza kwenye kuta.

Tahadhari moja kuhusu foili, na naomba isirukwe. Foili ni chuma, na inapitisha umeme. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango mkubwa wa kuweka vizuia joto kwenye mapaa ya nyumba. Ndani ya miezi michache vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la darini, na miongoni mwa hao watatu wapo waliokuwa wakipigilia foili kwa pini za chuma zilizotoboa nyaya. Zima swichi kuu kabla ya kupanda na foili. Usiku usifanye kazi hii. Mchana nao anza mapema, saa tano iwe imekukuta chini.

Chini ya foili inakuja dari. Plaiwudi ya milimita sita inatosha, ikifungwa kwenye mbao za mbili kwa mbili zilizokamatwa na fremu kwa skrubu. Karatasi moja ni futi nne kwa nane, sawa na karibu mita tatu za mraba. Banda letu litakula tisa au kumi kulingana na ukataji wako. Mbao hizo za mbili kwa mbili haziko pale kwa ajili ya kushika skrubu tu. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao, hivyo dari iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la fremu itakuwa na mistari ya joto kila penye bomba, na alfajiri mistari hiyo hiyo itaota maji.

Asiye na fedha za plaiwudi asikate tamaa. Mikeka ya matete au mafunjo, iliyosukwa nene, inazuia joto vizuri kuliko plaiwudi kwa kuwa imejaa hewa. Kasoro yake ni moto. Kama katika banda lako hakuna kuchomelea wala kukata chuma kwa grainda, itumie kwa amani. Kama kuna grainda, usiifikirie. Maboksi meupe ya povu yanayokuja na televisheni, ambayo watu huyakusanya na kuyapachika darini, ndiyo mabaya kuliko yote: yanashika moto upesi, yanadondosha matone yanayowaka, na moshi wake mweusi hukupofusha kabla hujaufikia mlango.

Kona ya kuchomelea ivikwe jipsam. Karibu sehemu ya tano ya uzito wa jipsam ni maji yaliyofungwa ndani yake, na moto hauwezi kuipita mpaka uyakaushe kwanza. Ni nzito na hupasuka njiani, na kutoka Mwanza au Kahama hadi Runazi si karatasi zote zitafika salama. Karatasi nne zinatosha kona hiyo, kwa hiyo beba tano.

Kuta, nyuki na wezi

Kuta sizipi maneno mengi, kwani nusu yake unaweza kuiacha. Karatasi za plaiwudi zikilazwa kwa ubavu kuzunguka banda, zinafika kimo cha mita 1.22, juu kidogo ya meza ya kazi. Ukitoa mlango wa mita 2.4, mzunguko uliobaki ni mita 17.6, yaani karatasi nane. Kuvika hadi juu kungekula 15. Sehemu ya chini ndiyo unayoegemea na kugonga kwa mbao ndefu, na ndiyo inayohitaji mahali pa kupigilia rafu. Juu yake bati libaki wazi, lipakwe rangi nyeupe, likusaidie mwanga.

Badala ya plaiwudi, tumia mabanzi. Penye kupasuliwa mikaratusi au misindano mabanzi huuzwa rahisi, mara nyingi kama kuni. Yanyooshwe ubavu, yakaushwe, yapangwe wima. Yakiwa ya mbao ngumu za porini kama mninga, uliza karatasi zake za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kabla hujayapakia kwenye gari. Bei ndogo haitakusaidia ukisimamishwa kizuizini.

Sasa wavu. Biharamulo ni wilaya ya asali, na ukuta wenye uwazi wa sentimita tano kati ya bati na mbao, wenye kitundu juu, giza ndani na joto la wastani, ni mzinga. Nyuki hawatauliza uliujenga kwa nia gani. Kundi likishaingia nyuma ya plaiwudi huwezi kulitoa bila kubomoa, na mashine ya kuranda ikianza kunguruma usitegemee wakuvumilie. Ziba kwa wavu wa chuma kila uwazi ambao nyuki anaweza kupenya. Utakuwa umewazuia pia popo na panya. Mchwa hawazuiliki kwa wavu: mbao zote zianze sentimita tano juu ya sakafu, na ukuta wa chini uachwe uonekane, ili vichuguu vyao vya udongo uvikwangue vikiwa vichanga. Wengi hupaka oili chafu. Inafanya kazi kwa muda, lakini inanuka, inachafua kila mbao utakayoiegemeza, na inalisha moto. Mimi ningeitumia kwenye nguzo za ua tu.

Mwizi wa karakana hahangaiki na kufuli. Geji 30 inakatwa kwa mkasi wa bati. Kabla ya kufunga mabanzi, pitisha wavu wa chuma wa kuchomelea nyuma yake, walau upande unaotazama shamba au kichaka.

Umeme

Upande huu wa Kagera umesubiri umeme wa uhakika kwa miaka mingi. Mambo yamebadilika: mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulianza kuzalisha mwaka 2023, na njia yake ya kuja Tanzania inaishia kwenye kituo cha Nyakanazi, humu humu wilayani Biharamulo. Hata hivyo, kilicho kwenye kituo si lazima kikufikie kilivyo mwishoni mwa laini ya kijiji. Jioni, taa zikififia kila mtu anapowasha, mota ya randa inavuta mkondo mkubwa zaidi kujaribu kufanya kazi ile ile, inachemka, inaungua. Randa asubuhi. Ni ushauri usiogharimu kitu.

Banda la chuma lina hatari ambayo nyumba ya tofali haina. Waya mmoja ukichubuka kwenye ncha ya bati, banda zima linakuwa na umeme, kitasa cha mlango kikiwemo. Kwa hiyo nyaya zipite kwenye paipu, na paipu zionekane, zifungwe juu ya plaiwudi na siyo nyuma yake. Mafundi wengine hupenda kuzificha. Nyuma ya ukuta kuna panya na skrubu za rafu utakazofunga mwakani ukiwa umesahau waya ulipopita. Taa zipewe waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na mashine ya kuchomelea iwe na laini yake yenyewe, nene zaidi, na breka yake. Fremu ya banda iunganishwe na waya wa ardhi na fimbo yake, na kwenye boksi kuu iwekwe breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Kifaa hicho kidogo ndicho kinachotofautisha kushtuka na kuzikwa.

Fimbo hiyo hiyo ya ardhi ina kazi msimu wa radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi. Januari 2025, huko Bukombe, jirani zetu wa mkoa wa Geita, radi iliua wanafunzi saba shuleni. Ikianza kunguruma, chomoa mashine, kaa mbali na ukuta, usishike chuma kirefu.

Meza na nafasi ya kila kitu

Meza ya kazi isimame kwa miguu yake juu ya zege, isitundikwe ukutani. Ukuta wa bati unatetemeka, na kila pigo la nyundo litalegeza skrubu ulizohangaika nazo. Kimo kifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima, sentimita 85 hadi 90 kwa wengi. Juu yake weka mbao ya unene wa sentimita tano, na jiliwa lifungwe kwenye kona iliyo juu ya mguu wa meza, siyo katikati panaponepa.

Karakana ya watu wa nchi za baridi huweka meza dirishani kwa ajili ya mwanga. Kwetu mwanga si haba, kinachotakiwa ni kuupunguza makali. Bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, likiwekwa juu kwenye ukuta wa kaskazini au wa kusini chini ya kivuli cha paa, latosha meza nzima. Usiliweke paani. Saa sita litakuchoma kisogo na litakuwa limeharibu kazi yote ya foili.

Kuchomelea na useremala visikae upande mmoja. Cheche ya grainda huruka mita kadhaa, na ikitua kwenye maranda inaweza kufuka kimyakimya na kuwaka wakati wewe uko mezani unakula. Chomelea mlangoni, kwenye zege tupu, fagia maranda kwanza, kisha kaa nusu saa baada ya cheche ya mwisho kabla ya kufunga. Ndoo ya mchanga iwepo muda wote. Na unapochomelea bati au bomba lenye zinki, iparue zinki kwanza na ukae upande upepo unakotokea. Moshi wake mweupe huleta baridi na homa jioni, na wengi huidhania malaria. Mafundi wengi hunywa maziwa baada ya kazi hiyo wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi uko mapafuni.

Rafu za mbao na chuma zifungwe kwenye fremu kwa bolti, na vizito vikae chini. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 mkoani Kagera na kuangusha maelfu ya nyumba, nyingi za tofali za udongo. Banda jepesi la chuma litatikisika na kubaki. Shehena ya mbao za mninga iliyopangwa juu ya kichwa chako haitabaki.

Fedha zikiisha kabla ya kazi, kata kwa utaratibu huu: kwanza acha plaiwudi ya kuta, kisha acha dari ya plaiwudi na ubaki na foili peke yake, kisha acha rangi. Foili, nailoni ya sakafuni na waya wa ardhi usiviache kwa vyovyote. Na kabla hujachomeka mashine ya kwanza, mlipe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aje na kipimo chake apime fimbo ya ardhi na breka, wewe ukiwa umesimama pale unaona.